Viini vya Aprikoti na Kikohozi cha Hawe

Tunda la aprikoti sijawahi kulitia mkononi. Sijui kama lina nyuzi kama embe la kienyeji au maji kama tikiti. Daktari alinionyesha picha mara moja kwenye simu yake, nikaona kitu cha manjano kimekaa kwenye sahani, nikasema ala, kumbe. Lakini kiini kilichomo ndani ya kokwa yake nakijua kuliko ninavyozijua kucha zangu. Nimevimenya, nimevitwanga, nimevipima, nimeviandikia karatasi. Nikivipanga kimoja kimoja barabarani kutoka Changamwe vitafika Voi, na vingine vitabaki vya kurudia. Mke wangu angekuwapo angesema, "Toa Voi, tia Mazeras." Lakini hayupo wa kunipunguzia, basi acha iwe Voi.

Yuko Uarabuni. Alikwenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu, mkataba wa miaka miwili, na ile miwili ikazaa mingine miwili. Mwanzo alipiga simu kila siku. Halafu ikawa Ijumaa kwa Ijumaa. Siku hizi hupiga watoto wa bosi wake wakilala, na watoto wale, nawaambieni, ni watoto wasiolala. Simlaumu. Ila mimi ni mtu wa maneno, nimezaliwa hivyo, na chumba changu cha Mikindani, futi kumi kwa kumi, kilikuwa kimekwisha kunisikia. Nilikuwa nikirudi jioni nabisha mlango wangu mwenyewe, "Hodi!", kisha najijibu kwa sauti nyembamba, "Karibu!" Siku moja nilijijibu "Nani?" Nikasimama pale na ufunguo mkononi kama mtu aliyekosea nyumba.

Kazi ya viini niliipata kwa sababu ya cheti. Nilimaliza kidato cha nne nina miaka arobaini na mmoja, shule ya jioni, baada ya kushusha magunia mchana kutwa. Darasani tulikuwa watu wazima watupu, na mwalimu wetu kijana wa juzi. Akiingia tulisimama kwa heshima, kisha yeye ndiye aliyetuamkia: "Shikamooni!" Nasi darasa zima, "Marahaba, mwalimu!" Wengine walipita, wengine walirudia, mimi nilipita kwa alama ambazo nikizitaja mtasema naongeza chumvi, kwa hiyo sizitaji. Cheti nilikitia kwenye fremu nikakitundika ukutani, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Mzee mmoja wa Kichina alikuwa amefungua duka la dawa za mitishamba Changamwe, nyuma ya soko, na alitaka mtu wa kumwandikia Kiswahili. Watu walimwita Daktari, nami nikamwita Daktari. Ukuta wake mzima ulikuwa visanduku vya mbao vya kuvuta, vidogo vidogo, mia moja kama si mia tatu, na kila kimoja kina harufu yake: magome, mizizi, maganda ya machungwa yaliyokauka. Alikuwa na maneno arobaini ya Kiswahili, na thelathini kati yake yalikuwa majina ya maumivu. Aliishi humo humo dukani, chumba cha nyuma, peke yake. Mchana tulikula kila mtu na bakuli lake, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu, tukitazamana kama ng'ombe wawili kwenye hori moja. Nilimweleza maisha yangu yote, toka kuzaliwa. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilipofika kwa mke wangu aliacha kutafuna, akasema, "Pole," na hilo lilikuwa mojawapo ya yale arobaini.

Kazi ya viini ilikuwa hivi. Huja kwenye gunia, vikavu, vya kahawia, kila kimoja na umbo la moyo, ule moyo wa kuchorwa na mtoto. Unavitumbukiza kwenye maji yanayochemka, unavitoa haraka, unavitia kwenye maji ya baridi. Hapo ganda linalegea, unabinya kwa vidole viwili na kiini kinaruka nje, cheupe, kinateleza. Ukiwa mzembe kinaruka mpaka barabarani. Unavianika, unavitwanga kwa kinu cha shaba, na Daktari anapima kwa mizani ndogo ya kushika mkononi, yenye kisahani kimoja. Ni dawa ya kikohozi na ya pumzi fupi, lakini haiendi peke yake. Huchemshwa pamoja na mizizi na magome mengine, nayo hutiwa mwishoni, wakati wengine wote wamekwisha kuiva.

Siku yangu ya kwanza Daktari aliniita mezani. Akaweka kiini kimoja kwenye kiganja changu. "Dawa," akasema. Kisha akachota gao zima la viini vibichi, akalijaza kwenye kiganja cha pili. Akanitazama. Akalaza kichwa chake juu ya meza, akafumba macho, ulimi nje. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mteja aliyekuwa akiingia akatoka tena mbio. Sijapata kufundishwa somo likaniingia namna ile, na nimefundishwa na walimu wenye shahada.

Ndiyo maana kila karatasi iliyotoka dukani niliiandika kwa mkono wangu, herufi za kulala vizuri: Chemsha mizizi kwanza. Viini vitiwe mwisho. Usizidishe kipimo. Usile vibichi. Weka mbali na watoto. Mwandiko wangu ni mzuri, hilo silitii chumvi. Na onyo lilihitajika, kwa sababu viini vikishamenywa, kwa macho ya mtu wa pwani, ni lozi. Hakuna kingine. Mama mmoja alinong'ona akiegemea kaunta, "Mwanangu, niongezee hizo lozi kidogo, Ijumaa nina wageni, nitie kwenye maziwa." Nikamwambia hao wageni kama ni maadui zake sawa.

Sasa nije kwa Hawe.

Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na uani kwetu hakuna aliyemwita vinginevyo. Chumba chake kilipakana na changu. Alikuwa amekaa miaka thelathini Mikindani akiuza mboga kando ya barabara kuu, mchicha na mtsunga, ile mboga chungu ya watu wa vijiji vya ndani ya pwani, ambayo mgeni akiila mara ya kwanza hudhani amekosewa adabu. Jioni alikaa mlangoni na jiko lake, nami nikitoka kazini nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kabla sijatulia ananiambia, "Haya mwanangu, nidanganye."

Basi namdanganya. Namwambia leo kaja mtu dukani anakohoa moshi. Yeye haniambii nipunguze. "Moshi wa kuni au wa makaa?" "Wa makaa, Hawe." "Basi huyo ni wa Jomvu." Mke wangu alikuwa akinipunguzia, lakini Hawe aliniongezea, na mtu anayekuongezea, jamani, ukimpata usimwachie. Mimi nilichonacho duniani, ukiondoa cheti, kilikuwa saa ile moja ya mlangoni kwa Hawe.

Lakini alikuwa akikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikitikisa mabati. Watu wa Mtopanga, ng'ambo kabisa ya kisiwa, walikuwa wakifunga madirisha wakidhani mvua inakuja. Zahanati walimpima kifua, wakasema hakuna kifua kikuu, ni vumbi la barabara na umri, wakampa dawa ya maji ya chupa. Akaimaliza, kikohozi kikabaki.

Mwanawe, fundi wa magari, alikuwa amejenga Kaloleni. Mtu mzito wa maneno, mwenye mikono mikubwa. Alikuja Jumapili moja akakaa kwenye ndoo yangu, akasikiliza mama yake akikohoa toka uji mpaka chai, kisha akasema, "Mama, vumbi hili litakuua. Mwezi ukiisha na kikohozi hakijaisha, nakuja na gari. Jumamosi ya mwisho. Chumba kiko tayari, kina saruji chini."

"Saruji nitaila?" Hawe akasema.

"Nimesema, mama."

Akaondoka. Hawe akachochea jiko. Hakusema "nidanganye" siku ile. Nilikuwa nahesabu Jumamosi.

Nikampeleka kwa Daktari. Alivaa leso mpya, akapaka mafuta mpaka anang'aa. Daktari alimkalisha, akamshika mkono kwa vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho kusikiliza. Akasikiliza mkono wa kulia. Akahamia wa kushoto.

"Muulize," Hawe akaniambia bila kugeuza kichwa, "mbona anishika hivi muda wote huu. Kama ataka kuoa aseme, mahari iko wazi."

"Yuwasikiliza damu, Hawe."

"Na yasema nini?"

"Haijamaliza."

Kisha Daktari akaonyesha mdomo wake mwenyewe. Nikamwambia Hawe ataka uutoe ulimi.

"Mtu mzima nimtolee mtu ulimi? Amenikosea nini?"

"Ni dawa, Hawe."

"Haya. Lakini watu wa kwetu wasisikie." Akautoa, akaurudisha upesi kama kinyonga. Daktari akacheka. Hakuelewa hata neno moja, lakini alicheka mpaka akafuta miwani, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na meno mawili ya dhahabu. Nilikuwa nimekula naye mwaka mzima bila kuyaona.

Alimfungia vifurushi, kimoja kwa kila siku. Mizizi, magome, ganda la chungwa, na viini vilivyotwangwa, vimefungwa kwenye karatasi yao ndogo peke yao. Karatasi ya maelezo niliiandika mimi. Na kila jioni nilimchemshia mwenyewe, juu ya jiko lake, mizizi kwanza, viini mwisho, kama nilivyoandika. Wiki ya kwanza kikohozi kikashuka. Mabati yalikuwa hayatikisiki tena, alikuwa akikohoa kama watu. Mimi nilikuwa nikitembea Mikindani kama mtu aliyegundua mafuta.

Isipokuwa Hawe hakuridhika. Alionja kikombe, akakunja uso. "Dawa gani hii haina uchungu? Hii ni chai."

"Ina uchungu wake, Hawe."

"Mtsunga wangu wamshinda Mchina. Mwanangu, dawa isiyokufanya umtaje Mungu si dawa."

Nami, msomi, mwenye cheti cha fremu, moyoni nilikubaliana naye. Hivi ndivyo tulivyolelewa. Mama yangu, aliyenilea Frere Town, alikuwa na mwarobaini nyuma ya nyumba, na malaria ikibisha hodi tulishikwa pua tukanyweshwa bakuli zima, majani yaliyofikichwa kwenye maji ya baridi mpaka maji yakawa kijani cha kutisha. Ukilia, unaongezwa. Kuchemsha hakutakiwi, alisema, moto huua nguvu ya jani. Uchungu ulikuwa ndio kipimo chetu. Kikombe kichungu ni kizuri, viwili ni vizuri zaidi, na ukipona kwa kitu kitamu basi hukuwa mgonjwa. Nani pwani hii hajanywa hivyo?

Wiki ya pili kikohozi kikakaa pale pale. Hakikupanda, hakikushuka. Daktari nilipomwambia aliitikia kwa kichwa, amefurahi, akasema, "Zuri. Polepole," akainua kidole kimoja, maana yake mwezi mwingine. Mwezi mwingine! Mimi nilikuwa na siku nne. Mwanawe alikuwa amempigia simu Jumanne: Jumamosi, mama, saa tatu asubuhi, funga vyombo.

Jumatano nilikuwa nikitwanga. Daktari alikuwa nyuma anapika. Niliangalia kile kinu, ungaunga mweupe umeshikamana chini kwa mafuta yake, nikamsikia mama yangu kabisa akisema ongeza. Nikakunja karatasi, nikachota. Sikupima. Nilichota kwa kiganja, kiganja cha mtu aliyeshusha magunia.

Jioni ile sikuchemsha. Niliuloweka ule unga kwenye maji ya vuguvugu, nikatia kijiko cha asali kumpa moyo, nikakoroga. Harufu yake ilikuwa tamu, ile harufu ya lozi kwenye halua. Hawe akapiga funda la kwanza. Macho yakamtoka. Akamtaja Mungu, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili.

"Ehee!" akasema, "sasa hii ndiyo dawa! Mbona alikuwa akiificha?"

Nilijiona daktari. Wallahi nilijiona nimewapita wote, wa hospitali na wa visanduku. Akamaliza kikombe, akakipindua kunionyesha. Nikaanza kumdanganya. Nilikuwa nasimulia habari ya mteja aliyekuja na mbuzi wake apimwe mshipa, na nilikuwa nimefika mbuzi anapoambiwa atoe ulimi, nikaona Hawe hacheki.

"Mwanangu," akasema, "uwanja wazunguka."

Nikafikiri ananiongezea hadithi. "Wazungukia wapi, Hawe?"

Alishika fremu ya mlango. Jasho lilikuwa limemtoka usoni kote, na pumzi ilikuwa ikija kwa haraka na haifiki mahali. Kisha akatapika juu ya jiko, makaa yakalia. Nikaona kiganja changu cha kushoto, kile ambacho Daktari alikijaza viini, na kichwa chake kikilala juu ya meza.

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi, na hilo pia silitii chumvi. Nimebeba magunia ya mchele yenye uzito kuliko yeye mara mbili. Mwenye tuktuk alitaka kuuliza, akaona uso wangu akawasha. Njiani nilikuwa nikisema bila kukoma, sijui nikisema nini. Yeye alikuwa ameshika shati langu.

Hospitali, daktari wa zamu, binti mmoja mwenye sauti ya kukata, akauliza, "Amekula nini?"

Nilimwambia. Viini vya aprikoti vichungu, vibichi, kiganja kizima, maji na asali.

"Nani alikwambia umpe hivyo?"

"Hakuna."

"Dawa haikuja na maelezo?"

"Ilikuja. Yamesema usizidishe na usile vibichi."

"Sasa nani aliandika maelezo yenyewe, uyapuuze hivyo?"

"Mimi," nikasema. "Mwandiko ni wangu."

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Wakamtia hewa puani, wakamtundikia maji, wakanitoa nje. Nilikaa kwenye benchi mpaka muuguzi akaja akasema, "Bibi yako amelala, pumzi imerudi. Nenda nyumbani." Sikumsahihisha kwamba si bibi yangu.

Asubuhi nilimwambia Daktari. Sikuwa na maneno yake wala yeye hakuwa na yangu, kwa hiyo nilionyesha. Nilishika kinu, nikaonyesha karatasi, nikaonyesha kiganja. Akaleta mizani. Akanitaka nichote tena, kama nilivyochota. Nikachota. Akaweka kwenye kisahani, na mkono wa mizani ukaruka juu ukagonga kidole chake. "Chemsha?" akauliza. Nikatikisa kichwa. Akavua miwani, akakaa, akaishika magotini. Halafu akafunga duka. Duka lile halikuwahi kufungwa mchana hata siku za sikukuu. Tulitembea mpaka hospitali, akanunua ndizi getini, akasimama miguuni pa kitanda cha Hawe amezishika kifuani kama mtu aliyekuja kuposa.

Hawe alikuwa amekaa. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwambie si kosa lake," akasema. "Mwambie dawa yake ilikuwa tamu mno, ndiyo shida."

Sikutafsiri. Daktari aliinamisha kichwa, akaacha ndizi, akatoka. Tangu siku ile chupa ya viini ina kufuli, na ufunguo uko shingoni mwake. Bado namenya, bado natwanga, lakini yeye husimama kando yangu mpaka unga wa mwisho uingie kwenye chupa. Mezani tunakula kama kawaida. Sijayaona tena yale meno yake ya dhahabu.

Tulipobaki wawili, Hawe aliniita karibu. "Mwanangu yuwaja kesho. Nitamwambia ni samaki. Nilikula samaki aliyelala. Wewe unyamaze."

"Hawe..."

"Unyamaze, nimesema. Kazi yako ni kusema uongo, huu nakufanyia mimi. Wewe kaa tu."

Nikakubali. Ndiyo, nilikubali, na nilikubali kwa raha.

Ijumaa mwanawe akaja. Hawe akamweleza samaki, alivyomnunua, alivyonuka, hata rangi ya mapezi, na mimi msanii nilisimama pale nikistaajabu. Kumbe muda wote ule nilikuwa nikimdanganya bingwa wa uongo. Mwanawe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje kwenye varanda, akaniita, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ile mikubwa yenye grisi kwenye kucha.

"Ndugu yangu," akasema. "Mama ameniambia ulimbeba mgongoni. Mimi mwanawe wa kumzaa nilikuwa Kaloleni nimelala." Akatazama chini. "Hata kikohozi, nimemsikiliza tangu nimeingia. Kimepungua sana. Amesema wewe ndiye humchemshia dawa."

"Humchemshia," nikasema.

"Basi acha akae. Alikuwa hataki kuondoka, nami nilikuwa namlazimisha. Maadamu uko naye ukuta kwa ukuta, mimi naweza kulala usingizi. Akae."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Kilikuwa mkononi mwangu, kimeshikwa kwa mikono miwili. Nilichotakiwa kufanya ni kusema inshallah, basi. Neno moja. Mimi ambaye kwa maisha yangu yote sijapata kukosa neno.

Ila alisema usingizi. Atalala usingizi kwa sababu yangu.

"Haikuwa samaki," nikasema.

Nikamwambia yote. Sikuongeza kitu, na ajabu ni kwamba hadithi ilikuwa fupi sana. Bila chumvi haikuchukua hata muda wa mtu kuvuka varanda. Kiganja. Maji ya vuguvugu badala ya moto. Siku nne. Nilimwambia pia kwa nini, kwamba sikutaka aende. Mikono yake ililegea ikaniachia taratibu, mmoja kwanza, halafu wa pili. Hakunipiga. Alifuta viganja kwenye suruali yake, akarudi ndani kwa mama yake.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari lilikuwa uani, kama alivyosema tangu mwanzo. Vyombo vya Hawe vilienea kwenye kiti cha nyuma na nafasi ikabaki: godoro, sufuria tatu, kapu la mboga, redio. Nilisaidia kubeba. Mwanawe alinipokea kila kitu bila kunitazama, lakini alinipokea. Vifurushi vya dawa vilivyobaki nilivileta pia, akavitazama, akavirudisha mkononi mwangu. Ningekuwa mimi ningevitupa barabarani.

Hawe alikuwa amekaa mbele, leso mabegani, amenuna. Nikainama dirishani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi usiku kucha, maneno ya kidato cha nne.

"Wewe!" akaniwahi. "Mwaka mzima wanidanganya, mbuzi watoa ulimi, watu wakohoa moshi. Siku moja tu, siku moja uongo ulipofaa, ndio umesema kweli!"

"Nisamehe, Hawe."

"Kwa lipi? La dawa nimekusamehe, dawa ilikuwa kali, nimeipenda. Hili la jana ndilo sijui kama nitalisamehe." Akatazama mbele. "Miaka thelathini nimekaa kando ya barabara hii, malori yamenikosa. Wewe ndiye uliyekaribia kunipata." Akacheka kidogo, akanishika sikio akalivuta, kama wanavyovutwa watoto. Kisha mwanawe akawasha gari.

Chumba chake wamehamia vijana wawili wa bara, mume na mke, watu wazuri. Asubuhi wananiambia "Niaje, mzee," jioni wanafunga mlango, na televisheni yao inacheka pale pale nilipokuwa nikikaa. Ndoo imekuwa ya kufulia. Mimi jioni napita moja kwa moja kwangu. Hodi sipigi tena. Mke wangu alipiga juzi, watoto wa bosi walikuwa wamelala kwa muujiza, akaniuliza mbona kimya, una nini, nikamwambia kila kitu vile vile kilivyokuwa. "Toa," akasema kwa mazoea, kisha akakosa cha kuniambia nitoe.

Jumapili iliyopita, jua likishuka, namba nisiyoijua. Nikapokea. Nikasikia kuku, nikasikia pumzi, nikasikia mwanawe kwa mbali akisema, "Sema mama, yuwakusikia."

"Wanisikia?" Hawe akapiga kelele, maana simu kwake ni kitu cha kupigia kelele.

"Nakusikia, Hawe. Shikamoo."

"Marahaba. Huku hakuna vumbi. Huku hakuna kitu. Watu wa huku wakiulizwa mvua imenyesha wasema imenyesha. Nimechoka nao."

"Kikohozi je?"

"Kipo kidogo, cha kufukuzia kuku." Akavuta pumzi. Nilingoja aniambie nidanganye. Hakusema. Labda mwanawe alikuwa karibu, labda bado hajalisamehe lile la Ijumaa. Akauliza tu, kwa sauti ya chini, sauti ya mlangoni, "Umekula?"

Sufuria ilikuwa juu ya rafu, kavu. Tangu mchana nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

"Nimekula, Hawe."

"Vyema, mwanangu," akasema, akaamini, akampa mwanawe simu. Nikainuka nikawasha jiko, ili angalau kabla sijalala iwe kweli.